Moreni Isiyokuwepo: Kwa Mnaoanza Kuchora Historia ya Barafu ya Mlima Kenya

Wadogo zangu,

Jumatano iliyopita nilipita maabara ya ramani nikawakuta wawili wenu mmeinamia kompyuta moja, kimya, kama watu walio msibani. Pointi arobaini za GPS za moreni, yaani tuta la mawe na udongo lililoachwa na barafu, mlizozibeba kutoka Bonde la Teleki kwenye Mlima Kenya, kwa baridi na kwa njaa, hazikuonekana kwenye skrini. Nikawaambia mkuze picha nje, nje zaidi, mpaka dunia nzima ionekane. Zilikuwa zimerundikana karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Nilicheka, mkanuna, na bado naomba radhi kwa kicheko kile. Lakini nikiwa ndani ya matatu Thika Road jioni hiyo sikuwa nacheka tena. Kosa hilo nimeliona likirudi kila kundi jipya linapoingia, na huwa lina ndugu yake mkubwa ambaye hajionyeshi waziwazi hivyo. Huyo ndugu ndiye aliyenila mwaka mzima. Kwa hiyo nimeamua kuandika, kwa namba, ili msiseme sikuwaambia.

1. Ikweta inapita kwenye mlima wenu.

Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima, iko kama dakika tisa tu kusini mwa ikweta. Ukishuka kwa njia ya Sirimon, ukifika langoni uko karibu na mstari wenyewe. Maana yake mlima huu mmoja una zoni mbili za UTM (gridi ya ramani inayopima mahali kwa mita), 37S ya kusini na 37N ya kaskazini. Upande wa kusini, namba ya kaskazini huongezewa mita 10,000,000 ili isiwe hasi, ndiyo maana huko kwenye vilele mnasoma namba kama 9,983,000. Ukiiambia programu kwamba namba hiyo ni ya 37N itakutii bila kuuliza. Itapima kilomita 9,983 kutoka ikweta kwenda kaskazini na kukuacha juu ya bahari iliyoganda.

Kazi yote ya mlima iwekeni kwenye 37S, ambayo kwenye programu ni msimbo 32737, hata zile pointi chache zitakazovuka ikweta. Namba zake zitazidi milioni kumi kidogo, basi. Hakuna kitakachoharibika.

Kosa hili lina huruma. Linakurusha mbali sana, unajua papo hapo.

2. Datumu, yaani umbo na kitovu cha dunia ambavyo ramani inapimia. Hapa kaeni chini.

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilipewa, kwenye flashi, skani ya mchoro wa zamani wa moreni za Bonde la Teleki. Aliyeuchora aliuchora juu ya karatasi ya Survey of Kenya ya 1:50,000, kwa wino, na mkono wake ulikuwa mzuri ajabu. Kila kona ya tuta ilikuwa imefuatwa kwa subira. Aliyeuskani alikuwa amekata pambizo ili faili iwe ndogo. Nikaona gridi imo, nikabofya makutano sita ya gridi, nikaandika namba zake, na programu iliponiuliza mfumo nikachagua WGS 84, zoni 37S, kwa kuwa ndio GPS yangu ilikuwa ikitumia. Kosa la makutano likatoka chini ya mita tano. Nilifurahi kweli. Leo najua namba ile ilikuwa inanisifu kwa kubofya vizuri tu. Haikujua chochote kuhusu gridi yenyewe ilikuwa ya nani.

Karatasi zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, juu ya duaradufu (umbo la dunia lililokadiriwa) ya Clarke 1880. GPS inatoa WGS 84. Mifumo hii miwili haina kitovu kimoja cha dunia, na tofauti hiyo ikifika Mlima Kenya inakuwa karibu mita 300 kwa kaskazini na kusini, na kama mita 90 kwa mashariki na magharibi. Ukizisoma namba za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, kila kitu kinahama mita 300 kwenda kaskazini na 90 kwenda magharibi. Mto unahama, kibanda kinahama, tuta linahama, na vyote vinahama pamoja, kwa hiyo ukiitazama leya hiyo (tabaka hilo la ramani kwenye programu) peke yake huoni hitilafu yoyote.

Nilikuwa tayari nimelitembea tuta la kando kwenye ukuta wa kusini wa bonde, GPS mkononi, pointi kila hatua hamsini. Nilipoziweka leya mbili pamoja nikaona mistari miwili. Wa juu ulikuwa wangu. Wa chini, ulioegemea sakafu ya bonde, ulikuwa wa mchoro. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: mtu yule makini alikosaje kuliona tuta nililotembea mimi, nami nilikosaje kuliona lake? Sikuuliza. Nilikwisha kuwa na hadithi. Tuta la juu liliachwa barafu ilipokuwa nene. La chini liliachwa baadaye, barafu iliposinyaa, ikasimama kwa muda, kisha ikaendelea kurudi kileleni. Hatua mpya katika historia ya bonde ambalo limechunguzwa tangu mwanajiolojia J. W. Gregory alipofika mwaka 1893 na kutambua kwamba zamani barafu ilishuka chini mno kuliko alipoikuta. Na mimi ndiye niliyeiona hatua hiyo.

Nikarudi mlimani kulitafuta tuta la chini. Niliandamana na mzee mmoja mpagazi wa Naro Moru aliyeanza kupanda njia ile kabla sijazaliwa. Siku mbili tulizunguka kwenye majani ya mafundo na matope, baina ya lobelia, nami nikifuata mshale wa GPS. Mshale ukaniambia nimefika. Nilikuwa nimesimama kwenye tope, maji yameingia kwenye viatu. Mzee akaniuliza, kwa upole, tunatafuta nini. Nikamwambia tuta. Akatazama huku na huku, kisha akanyoosha fimbo kwenye ukuta wa kusini, kwenye lile tuta nililokwisha kulipima, akasema, “Tuta si lile pale, mwalimu?” Nikamjibu kwamba hilo ni jingine. Kisha nikaona mwinuko mdogo kwenye majani, wa kimo cha goti, nikaandika kwenye daftari: “Moreni, imemomonyoka sana.”

Daftari hilo ninalo hadi leo. Ukurasa una doa la chai, na mwandiko wangu umenyooka, mwandiko wa mtu asiye na shaka.

Nikahesabu kimo ambacho theluji iliyoongezeka na iliyoyeyuka zingekuwa sawa kwa kila hatua. Nikapata vimo viwili, nikatoa tofauti, nikaigeuza kuwa nyuzi za joto. Sura nzima. Nikaisimamisha mbele ya idara. Nyuma ya chumba alikuwa ameketi mchoraji ramani mstaafu aliyependa kuja kusikiliza vijana. Alinyoosha mkono akaniomba nipime umbali kutoka kona moja ya mstari wa juu hadi kona inayofanana nayo kwenye mstari wa chini. Nikapima: mita 315. Akasema, na ile kona nyingine? 315. Na ile ya mwisho, kule juu? 315, na mwelekeo ule ule. Akasema, “Barafu hairudi nyuma kwa rula, kijana. Pambizo za ramani yako ziko wapi?”

Sikuwa nazo. Kesho yake nilikwenda Ruaraka, kwenye ofisi za Survey of Kenya, nikanunua karatasi nzima. Pambizoni, kwa herufi ndogo, kila kitu kilikuwa kimeandikwa: projeksheni, duaradufu, datumu. Nikarudi, nikabadilisha mfumo wa leya kuwa Arc 1960, msimbo 21037, nikabofya sawa. Mstari wa chini ukapanda ukutani ukalala juu ya pointi zangu, kona kwa kona. Yule mchoraji wa wino alikuwa ameliona tuta lile lile, na alikuwa amelichora vizuri kuliko mimi.

Ningeweza kuishia hapo na kusema nilipoteza sura moja. Lakini kabla ya siku ile nilikuwa nimempa mwenzangu viwianishi vya moreni yangu ya chini. Alikuwa akikusanya mawe ya kupimia umri. Mnajua miamba ya mlima wetu haina madini ya kwatzi, kwa hiyo beriliamu-10, njia ya kupima umri wa jiwe inayotumika Rwenzori, kwetu haifanyi kazi. Tunategemea klorini-36, kama walivyofanya Shanahan na Zreda katika kazi yao ya mwaka 2000 kuhusu Mlima Kenya na Kilimanjaro. Vipimo hivyo ni ghali na jiwe lazima liwe limekaa pale pale barafu ilipoliacha. Yeye aliniamini. Alikwenda kwenye viwianishi vyangu, akapata majabali matatu yaliyobingirika kutoka ukutani, akayagonga kwa patasi na nyundo asubuhi nzima, akashuka nayo mgongoni, kilo sita, kupitia lile tope la mteremko juu ya Met Station, kwenye njia ya Naro Moru. Mawe hayakutumwa popote. Nilipomweleza hakunikasirikia, aliniuliza tu, “Mbona hukuniambia kwamba mstari ule ulitoka kwenye ramani?” Swali hilo ndilo lililozaa namba 5 hapo chini, na msiliruke.

Kwa hiyo: skani isiyo na pambizo msiipokee, hata ikitoka kwa mtu mnayempenda. Na kila leya mnayoiweka mahali pake, ijaribuni kwa kitu kisichobishaniwa. Mimi hutumia makutano ya mito. Mto ukipanda ukuta wa bonde, simameni.

3. Kivuli cha mwinuko, yaani picha ya ardhi iliyochorwa kana kwamba jua linaiangaza, kinaficha sawa na kinavyoonyesha.

Programu ikichora kivuli hulitoa jua kaskazini-magharibi, digrii 315, mpaka uiambie vinginevyo. Tuta linaloelekea huko huko kwenye mwanga halitoi kivuli, linatoweka. Mabonde ya mlima huu yanatoka kileleni kwenda kila upande kama njiti za gurudumu, maana yake kila mwanga utafuta moreni za bonde fulani. Chora vivuli vitatu au vinne, kila kimoja na upande wake, na leya ya mteremko isiyo na jua kabisa.

Kisha ukubwa wa kisanduku. SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, ina kisanduku cha mita 30, na tuta lenye upana wa mita 20 halimo humo hata ukikodoa macho. Kuna wanaokuja kuniambia kwamba wamepata ya mita 12.5 ya ALOS PALSAR. Ile ni SRTM ile ile iliyogawanywa vipande vidogo. Ni kama kukata chapati vipande vinane na kusema imeongezeka.

4. Si kila tuta ni moreni.

Hapa mlima wetu ni mgumu kuliko vitabu vya nje, kwa sababu ni volkano. Ukingo wa mtiririko wa lava unaweza kuonekana angani kama moreni ya kando, umenyooka, una mgongo, unashuka na bonde. Daiki, yaani lava iliyoganda ndani ya nyufa, nazo hutokeza juu kama kuta. Mkiwa Nairobi mnatazama picha ya satelaiti, vyote vinafanana. Mlimani, chimbeni nusu mita. Moreni ni mchanganyiko: unga, kokoto, jabali la ukubwa wa jiko, vyote pamoja bila mpango, na baadhi ya mawe yana michirizi ya kusuguliwa. Lava ni lava.

Na tazameni aina ya jiwe. Kitovu cha volkano, kile kinachosimama leo kama Batian na Nelion, kimejazwa sayenaiti ya nefelini. Ukiikuta sayenaiti kilomita kadhaa chini ya bonde, imekaa juu ya fonoliti, ambayo ni lava, kitu kiliibeba. Mto hubeba pia, lakini mto haupandishi jabali juu ya mgongo wa tuta. Kenaiti, lava nyingine ya mlima huu, mtaijua kwa fuwele zake kubwa za msambamba. Siku moja nikiwa Bonde la Gorges, juu ya Ziwa Michaelson, nilikaa juu ya jabali la kenaiti kula mkate. Nilipoangalia chini nikaona fuwele moja ndefu kama kidole gumba, imekatwa bapa na kung'arishwa, na mchirizi mmoja umepita juu yake kutoka upande hadi upande, ukielekea bondeni kabisa. Niliweka kidole kwenye mchirizi ule. Barafu iliyouchora haipo tena popote duniani, na mfereji wake ulikuwa unatosha ukucha wangu. Pimbi walikuja wakachukua mkate wote na sikuwaona. Yule mwanafunzi anayeniuliza kila mara kwa nini tupande ilhali picha zipo, jibu langu ni hilo jabali.

5. Safu mbili kwenye jedwali la leya: CHANZO na UHAKIKA.

Kila mstari, bila kusamehe hata mmoja. Chanzo: nimetembea, nimeona kwa mbali, nimechora kwenye picha, nimenakili ramani ya mtu. Uhakika: 1, 2 au 3. Mstari uliotembewa uwe mzima, uliokisiwa uwe wa nukta. Mnanichosha mnaponiletea ramani yenye mistari myekundu minene yote sawa, kana kwamba miguu yenu imefika kote. Mwenzangu angekuwa ameona neno “nimenakili” kwenye jedwali langu asingebeba mawe yale.

6. Ya haraka haraka.

Amkeni saa kumi na moja, kwa maana ikifika saa nne au tano ukungu unapanda na bonde linafungwa. Penseli, si kalamu. Betri na simu ndani ya mfuko wa kulalia. Kimo cha GPS msikichanganye na kimo cha ramani, vinapimwa kutoka nyuso tofauti. Vibali vya NACOSTI (vya utafiti) na KWS (vya hifadhi ya mlima) viombwe mapema, na droni haina “tutaelewana langoni”. Hifadhini nakala ya data mahali pawili kila usiku. Mpagazi akikuuliza swali, lisikilize.

7. Barafuto ya Lewis.

Wengi wenu mnataka kuanzia kwenye barafu iliyopo, kwa sababu ndiyo inayoumiza moyo. Sawa. Msafara wa Mackinder uliofika Batian mwaka 1899 uliacha picha, na tangu ramani ya Troll na Wien ya mwaka 1934 barafuto ya Lewis imechorwa mara nyingi kuliko karibu barafuto yoyote ya ukanda wa joto. Mtafiti Stefan Hastenrath aliirudia kuipima kwa miongo mingi. Hazina hiyo iheshimuni. Msichukue eneo kutoka ramani moja, mkatoa la ramani nyingine, mkaandika asilimia. Kwanza tafuteni mwamba ambao haujasogea unaoonekana kwenye ramani zote, mzifunge hapo. Angalieni kama mchoraji aliingiza barafu iliyofunikwa na kifusi au aliiacha. Picha ya satelaiti iliyopigwa baada ya theluji mpya kuanguka itawapa barafuto mara mbili ya iliyopo.

Lakini nawaomba muiunganishe na matuta ya chini. Ukisimama kwenye kibanda cha Austrian Hut unaona kipande kilichobaki. Mwaka 2010 eneo lake lilikuwa karibu sehemu moja tu ya tano ya lile la 1934, kama sehemu ya kumi ya kilomita ya mraba. Barafuto ya Gregory, jirani yake, ilitoweka karibu mwaka 2011. Kisha ukigeuka ukafuata bonde kwa macho, tuta baada ya tuta, unajua moreni za chini kabisa ziko kama mita 3,300, kwenye mpaka wa msitu. Barafu ilijaza kila kitu kilicho kati ya hapo na pale. Mimi nilizaliwa nikaona nyeupe ile kutoka barabara ya Nanyuki asubuhi zisizo na mawingu. Watoto wenu wataisoma kutoka kwenye mistari mtakayoichora ninyi. Ndiyo maana nakuwa mkali kuhusu mita 300.

Sasa ya kwetu. Pointi zenu arobaini zimerudi Teleki, nimeziangalia jana usiku. Thelathini na saba zinakaa vizuri kwenye mgongo wa tuta. Tatu, namba 12, 13 na 29, ziko mtoni. Sitaki mzifute na sitaki mzisogeze. Leteni madaftari ya nyanjani Jumanne tuone mliandika nini mlipokuwa mmesimama pale, na leteni ile karatasi yenye pambizo. Safari ya Januari iko pale pale, na bado hatujapata mtu wa kubeba sururu.